Fundi Godoro na Ngazi za Dada Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Fundi Godoro alikuwa na kazi moja ngumu. Kazi yenyewe ilikuwa kutoka kitandani.

Kwanza alilala tuli akausikiliza mgongo wake, kama mtu anayesikiliza kama wageni wakorofi wameshaamka. Kisha alibana pumzi. Alikaza tumbo, akakaza shingo, akageuka mzima mzima kama gogo. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, mikono tayari.

"Polepole, mume wangu. Unaumwa?"

"Naumwa."

"Sana?"

"Kama jana."

"Jana ulisema kama juzi."

"Basi piga hesabu mwenyewe. Mimi naumwa."

Mkewe alimsogezea kandambili. Viatu vya kamba vilikuwa chini ya kabati, vimejaa vumbi. Fundi hakuwa amevifunga tangu mwaka juzi, kwa sababu kuinama alikuogopa kama moto.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Zamani mke alishona vitambaa kwa cherehani, na mume alijaza sufi na kuishindilia. Sasa mume alikaa kwenye kiti, mito miwili nyuma yake, akishona kingo tu kwa sindano yake ndefu. Mkewe alifagia, alibeba ndoo, aliburuta magunia, alijaza na kushindilia. Alikuwa fundi, mpagazi na muuguzi, na mshahara wake ulikuwa neno "asante".

Fundi aliijua kazi yake. Ukimletea godoro kuukuu, alilibonyeza kwa kiganja na kusema, "Mwenye hili hulalia ubavu wa kulia, na hula mkate kitandani." Watu walicheka, lakini hawakubisha. Na mtu akilalamika mgongo, jibu lilikuwa tayari.

"Ni godoro hilo. Lete nikutengenezee."

Kisha mgongo wake mwenyewe ukaanza kuuma. Mganga hajigangi.

Alijishonea godoro gumu la pamba. Likamshinda. Akashona laini la sufi. Likamshinda pia. Akaweka sponji juu ya sufi, na pamba juu ya sponji, mpaka mkewe akawa anapanda kitandani kwa kigoda.

"Mume wangu, tunakwenda kulala au tunakwenda kuezeka paa?"

Akayaondoa yote, akalalia mbao tupu. Halafu akalala sakafuni. Mgongo haukujali. Uliuma juu, ukauma chini.

Hospitali walimpiga picha. Waliona kwamba mifupa ya mgongo imechakaa kidogo. Neno "kidogo" Fundi hakulisikia. Alisikia "imechakaa" tu. Yeye alikuwa mtu wa vitambaa, na kitambaa kilichochakaa alikijua. Hukikunji. Hukivuti. Ukikikunja kinapasuka. Basi tangu siku ile hakuukunja mgongo wake. Alijibeba kama sahani ya kioo.

Kuliko yote, Fundi aliogopa ngazi. Hasa ngazi za nyumba ya dada yake.

Dada Mkubwa aliishi ghorofa ya tatu, mtaa wa pili. Magoti yake hayakumruhusu tena kushuka. Alikuwa ndugu pekee aliyembakia Fundi. Mama yao alipofariki, huyo dada ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamfundisha kutembea. Mwaka juzi Fundi alimshonea godoro zuri kuliko yote aliyowahi kushona, akalibeba mwenyewe kichwani. Alipofika kwenye kona ya pili ya ngazi, mgongo ukamshika. Alipiga magoti pale pale, jasho likimtoka. Vijana wawili walilipandisha godoro. Wengine wawili walimshusha Fundi.

Hakupanda tena.

Mwanzoni Dada Mkubwa alipiga simu kila mara. "Mdogo wangu, unakuja lini?"

"Kazi nyingi, dada. Nikipata nafasi."

Angemwambia nini? Kwamba mzee mzima, mwenye wajukuu, anaogopa ngazi? Simu zikawa fupi. Baadaye zikakoma.

*

Siku moja mwanamke aliyevaa raba nyeupe aliingia karakanani.

"Shikamoo, mzee. Nataka magodoro membamba. Unene wa vidole viwili hivi."

"Marahaba, binti. Ya kitanda cha mtoto?"

"Ya wazee wenye maumivu ya mgongo."

Fundi alicheka. Kicheko kikamgonga mgongoni, akashika kiuno. "Vidole viwili! Binti, unataka kuwaua?"

Kabla mwanamke hajajibu, king'ora kikalia nje, kikali kama jogoo aliyekanyagwa. Yule mwanamke aliruka.

"Usijali," alisema mke wa Fundi. "Ni gari la jirani. Liliwahi kuvunjwa kioo na mwizi. Tangu hapo limewekwa king'ora, na hicho king'ora ni kichaa. Paka akipita, kinalia. Lori la taka likipita, kinalia. Mwenyewe akifungua mlango, kinalia."

"Na mwizi akija?"

"Nani atatoka kuangalia? Tumeshachoka nacho."

Mwanamke yule alicheka. Alieleza kwamba yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha afya. Alikuwa na kundi la wazee. Wote mgongo uliwauma kwa miezi mingi, wengine kwa miaka.

"Hawalali kwenye magodoro haya, mzee. Wanafanyia mazoezi."

"Mgongo mbovu ufanye mazoezi?" Fundi aliweka sindano chini. "Mguu uliovunjika utaupeleka mbioni?"

"Njoo uone. Ukiona tunawaua, rudi na magodoro yako."

Fundi hakuamini hata neno moja. Lakini aliyashona yale magodoro mwenyewe, akiwaza. Mzee anafanya nini juu ya kitu chembamba hivi? Kwa nini hataki cha sponji? Kufikia siku ya kupeleka kazi, udadisi ulikuwa unamuuma kuliko mgongo.

"Nitafuatana nawe," alimwambia mkewe. "Nataka kuona tu."

*

Ukumbi wa kituo cha afya ulikuwa na madirisha makubwa na viti vya mbao ukutani. Wazee walijilaza kwenye magodoro, magoti juu, wakiyayumbisha kulia na kushoto kama mlango unaopigwa na upepo. Bibi mmoja mwenye mkongojo aliketi kitini, akasimama, akaketi, akasimama. Alihema, lakini alikuwa anasimulia umbea huku anafanya hivyo.

Baada ya muda waliacha. Waliketi duara pamoja na mwanamume mwenye miwani. Sasa walikuwa wanazungumza tu. Mmoja alisema anavyoogopa kuoga peke yake. Mwingine alisema anavyokasirika mgongo ukiuma, na hasira zinaishia kwa mkewe.

Fundi alimnong'oneza mkewe, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa fundi aliyezoea kushindana na cherehani. "Hawa wanaumwa mgongo au wanaumwa akili?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Mwanamume mwenye miwani alitabasamu.

"Swali zuri, mzee. Wengi huliuliza moyoni tu. Mimi ni mshauri. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kwa mazungumzo."

"Yaani mtu anayeumwa mgongo anajisingizia? Maumivu yako kichwani mwake?"

"Hapana. Maumivu ni ya kweli. Yako wewe yanauma wapi?"

"Umejuaje kwamba naumwa?"

"Umekaa kama mtu aliyemeza mti."

Bibi mwenye mkongojo aliangua kicheko. Hata mke wa Fundi alijifunika mdomo kwa mtandio. Mshauri akavuta kiti, akakaa karibu.

"Mzee, ukiumia leo, maumivu ni mlinzi. Yanakwambia, hapa pana jeraha, tulia. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini jeraha la mgongo likishapona, mara nyingine mlinzi haondoki. Anaendelea kupiga kelele. Ubongo na mishipa ya fahamu vimezoea kulinda sana. Ukiinama kidogo, kelele. Ukifikiria kuinama, kelele. Ukiwa na wasiwasi au hujalala vizuri, kelele zinazidi."

Fundi alikuna kidevu. "Ngoja," alisema polepole. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo mgongo wangu ni gari la yule jirani?"

"Gari lipi?"

Mkewe akaeleza habari za king'ora. Mshauri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee, umenisaidia kazi. Nitakuwa nalisema hilo kila siku."

"Lakini mifupa yangu imechakaa. Picha imeonyesha."

"Ya wenzako wengi wa rika lako pia imechakaa, na wengine hawaumwi hata kidogo. Ni kama mvi. Mvi zinauma?"

"Hapana."

"Basi usiogope mvi za ndani."

Mtaalamu wa mazoezi, ambaye wazee walimwita Binti Raba, alikuja kubonyeza magodoro. "Mzee fundi, nikuulize na mimi. Godoro la sufi likikaa muda mrefu bila kugeuzwa, inakuwaje?"

"Sufi inaganda madonge. Inakuwa ngumu."

"Dawa yake? Unaliacha lipumzike?"

"Lipumzike tena? Unaitoa sufi, unaichambua, unaipiga, unai…" Fundi aliacha hapo hapo. Alimtazama Binti Raba, akamtazama mkewe.

"Malizia, mume wangu," alisema mkewe. "Unaifanya nini?"

Fundi alijibu kwa sauti ndogo. "Unaitikisa."

*

Hakuanza siku ile. Kwanza alionana na daktari wa kituo. Daktari aliuliza maswali mengi. Je, mzee aliwahi kuanguka? Ana homa? Amekonda bila sababu? Aliwahi kuugua saratani? Miguu inalegea? Pale anapokalia pamekufa ganzi? Mkojo au choo kinamtoka bila kujua, au mkojo unakataa kutoka?

"Mbona unaniuliza mambo ya chooni?" Fundi alisema. "Mimi naumwa mgongo."

"Kwa sababu mwenye dalili hizi haanzi mazoezi. Anahitaji kutibiwa kwanza, na baadhi ya hizi hazisubiri hata kesho."

Fundi hakuwa na hata moja. Daktari alimgonga magoti, akamwinua miguu, akapima nguvu zake. "Mgongo wako ni mzima kuliko unavyofikiri," alisema. "Nenda kwa wale wawili. Usiende kwa mmoja ukamwacha mwingine."

"Kwa nini wawili?"

"Kwa sababu mwili wako umelegea kwa kukaa, na moyo wako unaogopa kusimama. Tukiukaza mwili tu, woga utaukalisha tena. Tukiondoa woga tu, mwili hautakuwa na nguvu. Fundi, unashona ukingo kwa upande mmoja?"

"Godoro litamwaga sufi."

"Umenielewa."

Basi Fundi akaanza. Alilala juu ya godoro aliloshona mwenyewe, unene wa vidole viwili, akayumbisha magoti. Alikuwa amefumba macho na kubana pumzi.

"Pumua, mzee!" Binti Raba alisema. "Unayumbisha magoti tu, hubebi jokofu."

Ndipo Fundi alipogundua kitu. Mwili wake ulikuwa umejikaza siku nzima, kila siku. Meno, shingo, tumbo, mpaka vidole vya miguu. Kumbe alikuwa anashindilia sufi usiku na mchana bila kulipwa! Alipotoa pumzi polepole na kulegeza mabega, goti lilikwenda mbali zaidi. Maumivu yalikuwepo. Lakini yalikuwa kama ukelele wa jirani, si kama kisu.

Kwa Mshauri mambo yalikuwa mengine. Huyo hakumwambia fanya hivi. Alipenda kuuliza.

"Mzee, ukiinama kufunga kamba za viatu, itatokea nini?"

"Mgongo utakatika."

"Una uhakika?"

"Kama jua kuchomoza."

"Basi tubashiri, kisha tujaribu. Weka mguu juu ya kigoda kwanza, usiiname mpaka chini."

Mkewe alikuwa amevileta vile viatu vyenye vumbi. Fundi aliweka mguu juu ya kigoda. Aliinama. Mgongo ulilia. Alifunga kamba, akanyooka.

"Umekatika?" Mshauri aliuliza.

Fundi alijipapasa nyuma. "Bado."

"Tusubiri kidogo?"

Walisubiri. Mgongo haukukatika. Mkewe alisema, "Nikalete gundi?"

"Ajabu," Fundi alisema. Alifungua kamba, akazifunga tena, kuhakikisha.

Tangu hapo alianza kubashiri kila kitu. "Nabashiri nikiokota sindano hii nitapiga yowe." Aliokota. Hakupiga yowe. "Nabashiri nikifagia karakana nitalala siku nzima." Alifagia nusu. Hakulala. "Nimekosea tena!" alipaza sauti kwa furaha. Mkewe alikuwa ameishi naye miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akifurahia kukosea.

Mke naye alipewa kazi yake. "Mama, unampenda mzee," Mshauri alimwambia. "Lakini ukimuuliza kila saa kama anaumwa, unauamsha mgongo wake kila saa. Na ukimfanyia kila kitu, mwili wake unasahau."

"Kwa hiyo nimuache abebe ndoo?"

"Ndogo."

"Nimekuwa nikisubiri neno hilo tangu mwaka juzi," alisema mke. Asubuhi iliyofuata hakusimama pembeni ya kitanda. Alikaa jikoni akapaza sauti, "Leo umepanga kufanya nini?"

*

Kama mambo yangeishia hapo, ungekuwa uongo. Hayakuishia hapo.

Ikafika asubuhi moja Fundi akaamka mwepesi kama unyoya. Mkewe alikwenda sokoni. Fundi alitazama robota la sufi mlangoni. Alitazama kulia na kushoto. "Nabashiri ninaweza," alisema. Akalibeba. Akalirudia lingine. Akajaza godoro zima, akashindilia, akaimba.

Kesho yake hakuweza kugeuka kitandani.

"Si nilisema?" aliguna. "Imechakaa. Imepasuka. Sirudi tena kwenye ule ukumbi."

Wakati huo simu ya mkewe ililia. Sauti ya Dada Mkubwa ilisikika mpaka kitandani, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba simu inabeba sauti yenyewe.

"Wifi! Mwambie mdogo wangu, kama amenisusa aseme nijue moja. Mimi ni mzee. Sina muda wa kusubiri mtu."

Simu ikakatika. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza kama anaumwa. Alisema, "Nimemwomba Mshauri akupigie."

Mshauri alipopiga, Fundi alimlalamikia mpaka akaishiwa.

"Jana ulifanya nini, mzee?" Mshauri aliuliza.

Fundi alisita. "Robota."

"Moja?"

"Kama moja hivi."

"Yalikuwa mawili!" mkewe alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Mzee, hukupasuka. Umezidisha tu. Siku nzuri humdanganya mtu, akafanya kazi ya wiki nzima. Kisha analala wiki nzima. Tunataka kinyume chake. Siku nzuri, fanya ulichopanga, usizidishe hata ukijisikia simba. Siku mbaya, punguza, lakini usiache. Unaweza kuyumbisha magoti hapo ulipolala?"

Fundi alijaribu. Alitoa pumzi taratibu. "Kidogo."

"Kidogo kinatosha leo. Sasa niambie kitu kingine. Unataka mgongo upone ili ufanye nini? Si robota."

Fundi alitazama dari. "Nataka kupanda ngazi za dada yangu."

"Ukizifikiria, unaona nini?"

"Naona ile kona ya pili. Najiona nimepiga magoti. Nahisi mgongo unanishika sasa hivi, na nimelala."

"Ngazi haziko hapo, na mgongo umeshalia. Umeona?"

"King'ora," Fundi alisema.

"Dada anajua kwamba unaogopa?"

Fundi aliaga haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini nani anapenda kukiri kwamba ameushtukia unyasi? Alipokata simu, alikaa nayo mkononi. Kisha akabonyeza namba ya dada yake.

"Dada. Sijakususa. Naogopa ngazi zako. Mgongo ulinishika pale, na tangu siku ile nikizifikiria tu natetemeka."

Fundi aliibana simu sikioni.

"Mwaka mzima na zaidi!" Dada Mkubwa alifoka. "Nimekaa hapa nikijiuliza nimekukosea nini. Kumbe ngazi! Mjinga wewe!" Alipenga kamasi. "Kwa nini hukusema?"

"Aibu."

"Aibu kwangu? Mimi niliyekufulia nepi? Sikiliza. Usipande zote. Fika ghorofa ya kwanza tu, uniite. Nitakusikia."

*

Mgongo ulitulia baada ya siku chache. Binti Raba alileta ngazi fupi ya mbao ukumbini. Fundi alipanda kipandio kimoja na kushuka, kipandio kimoja na kushuka. Kisha viwili. Alijifunza kutojikaza. Alijifunza kupumzika kabla ya kuchoka, si baada ya kuchoka.

Ndipo alipokwenda kwenye zile ngazi zenyewe, amevaa viatu vya kamba. Mkewe alifuatana naye. Alifika ghorofa ya kwanza, akashika mkono wa ngazi.

"Dada!"

"Nakusikia!" sauti ilishuka kutoka juu. "Unahema kama punda!"

"Nimefika ya kwanza!"

"Rudi nyumbani! Kesho ongeza!"

Majirani walifungua milango kuangalia nini kinauzwa. Siku nyingine alifika karibu na ile kona, akasimama. Mgongo ukaanza kelele zake. Fundi hakukimbia, wala hakujikaza. Alitoa pumzi, akasema kwa sauti, "Nabashiri nitaanguka." Alisubiri. Hakuanguka. Kona ilikuwa kona tu, ina ukuta uliopakwa rangi ya kijani na alama ya kiatu cha mtu.

Katika siku hizo wateja walianza kushangaa. Mtu alikuja akilalamika mgongo, akaomba godoro gumu. Zamani Fundi angechukua vipimo. Sasa aliuliza, "Unaumwa tangu lini? Umeonana na daktari? Mara ya mwisho kuinama ilikuwa lini?"

"Fundi, nimekuja kununua godoro."

"Na godoro nitakushonea. Utalala vizuri. Lakini godoro si dawa. Nimejishonea yote, nakwambia."

"Utafukuza wateja," mkewe alisema, mteja alipoondoka.

"Atarudi. Anatembea vibaya lakini ana macho ya mdadisi."

Kisha ikafika siku ambayo Fundi alipita ile kona, mkewe nyuma yake. Alipumzika ghorofa ya pili, akaketi kwenye kiti ambacho jirani alimtolea. Akapanda tena. Mgongo ulimuuma. Uliuma kama kawaida ya siku zile, kidogo, kama mtu mzee anayenung'unika kwenye chumba cha pili. Aliuacha unung'unike.

Mlango ulikuwa wazi. Dada Mkubwa aliketi kitandani, mkongojo magotini. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umezeeka," alisema.

"Wewe je?"

"Mimi nilikuwa mzee kabla yako. Kaa."

Lakini Fundi hakukaa. Alikuwa ameona kitu ukutani. Godoro lake. Lile zuri kuliko yote. Lilikuwa limesimamishwa, bado limefungwa nailoni, kamba zake zile zile. Akageuka kutazama kitanda. Dada yake alikuwa amekalia kuukuu, limelala kama chapati katikati.

"Dada, hujalilalia?"

"Nitalilaliaje? Lilikuja na vijana nisiowajua. Aliyelishona hakufika." Dada Mkubwa aligonga sakafu kwa mkongojo. "Nikasema litatandikwa siku atakayokuja mwenyewe."

Mke wa Fundi aligeukia dirishani akajifanya anatazama nje.

Fundi alipiga goti moja, kama Binti Raba alivyomfundisha, akafungua kamba za nailoni moja baada ya nyingine.

"Mgongo unauma?" dada yake aliuliza.

Fundi aliusikiliza kidogo. "Unauma."

"Sasa?"

"Sasa, mke wangu, shika upande ule tulitandike."

Walimshika Dada Mkubwa wakamhamishia kitini, wakaliondoa lile kuukuu, wakatandika jipya, mmoja huku, mwingine kule. Harufu ya sufi ilijaa chumba. Walimrudisha Dada Mkubwa, akakalia ukingo, akalibonyeza kwa kiganja, vile vile kama Fundi alivyozoea.

"Zuri," alisema. "Gumu kidogo."

"Ni jipya. Sasa dada, usikae hapo kama mgeni. Weka miguu sawa chini. Inamia mbele kidogo. Usibane pumzi. Simama."

"Magoti yangu hayataki. Na wewe nani wa kunifundisha kusimama? Mimi ndiye niliyekufundisha wewe!"

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja." Fundi alimnyooshea mikono miwili. "Haya. Tubashiri, kisha tujaribu."

Dada Mkubwa alimtazama kwa jicho la shaka. Akauweka mkongojo pembeni. Akashika ukingo wa godoro, akatoa pumzi, akasimama.